Mafuta bahari ya Lamu: visima sita vya maji marefu, kampuni zimekuja zimeondoka, kuna kitu kule chini au tunadanganyana?

teziNaOmo
#1
Wakuu salaam. Nimeona kwenye ule uzi wa bei ya petroli watu wanasema "Kenya ina mafuta baharini wamezima ili tuendelee kununua nje", mwingine akasema hakuna kitu kabisa, ni njia ya kula hela tu. Nikaona niandike kidogo ninachojua, maana nimekaa misimu miwili ya kaskazi kwenye boti ya kusindikiza meli ya saismiki (ile inayopima miamba ya chini ya bahari kwa sauti) huko nje ya Kiunga na Pate, kazi yangu ilikuwa kuongea na wavuvi kwenye redio wasipite na nyavu mbele ya meli. Mimi sio mjiolojia ila ukikaa meza moja na hao watu wiki sita chakula ni kile kile na stori ni zile zile, utajifunza tu utake usitake.

Kwanza tuelewane, bonde la Lamu sio kisiwa cha Lamu. Ni eneo kubwa sana, linaanzia bara huko Garissa na mto Tana linashuka mpaka baharini kwenye maji ya kina cha kilomita mbili na zaidi. Visima vya baharini vya zamani vipo, Simba-1 ya mwaka 1978, Maridadi-1 ya 1982, Kofia-1 ya 1985, vyote havikuleta kitu cha kuuza. Halafu kimya, miaka ishirini na kitu hakuna mtu.

Sasa hii awamu ya pili ndiyo watu wanaikumbuka. Pomboo-1, Woodside wa Australia, mwanzoni mwa 2007, maji ya zaidi ya mita 2,000, na walikodi ile meli ya sayansi ya Wajapani inaitwa Chikyu, ile iliyojengwa kutoboa chini kabisa kutafuta asili ya matetemeko. Kavu. Mbawa-1, Apache, 2012, wakakuta gesi, mita 52 za mchanga wenye gesi, mafuta waliyoyafuata chini zaidi hawakuyaona. Mwaka 2013 Anadarko wakachoronga viwili, Kubwa-1 wakaona dalili za mafuta lakini sio ya biashara, Kiboko-1 nayo wakaifunga wakaondoka. 2014 BG Group wakatoboa Sunbird-1, hiki ndicho ninachotaka tukizungumze. Halafu mwisho Eni na Total na Wakatari wakaja na Mlima-1, walianza mwisho wa 2021 wakamaliza mwanzoni mwa 2022, watu walikuwa na matumaini makubwa sana, kavu.

Basi. Tangu hapo hakuna meli ya kuchoronga iliyorudi upande wetu. Maoni yangu nayasema mapema ili mnipige mawe vizuri: mafuta yapo, hilo limeshathibitishwa, ila tumekuwa tukienda kuyatafuta kwenye jiko la gesi. Na kisima kinachofuata sikioni karibu.

dalali77
#2
Umeanza vizuri mkuu ila hapo "limeshathibitishwa" umeniacha. Visima sita, kimoja gesi isiyouzika, vingine hewa, uthibitisho uko wapi?

NyavuKavu
#3
Mimi kitu kimoja tu. Pomboo, Mbawa, Kubwa, Kiboko, Mlima, majina yote ya Kiswahili safi hayajalipa. Cha jina la Kizungu Sunbird ndio kikapata mafuta. Waganga wa Kilifi semeni kitu

fundi_bomba
#4
NyavuKavu, 😂😂 huku kwetu Tz tuliwapa majina ya samaki na viungo vya pilau. Pweza, Chewa, Chaza, Jodari, Mzia, halafu Zafarani, Lavani, Tangawizi. Vyote gesi tena ya kumwaga. Nyie mlikosea mlipoita Pomboo, pomboo sio samaki, anapumua juu.

teziNaOmo
#5
dalali77, swali lako ndilo lenyewe.

Sunbird-1, kitalu L10A (kitalu ni eneo la leseni), maji ya mita 723 tu, yaani sio mbali sana ukilinganisha na Pomboo. Walichotoboa ni mwamba wa matumbawe wa zamani sana uliofukiwa chini ya tope, tumbawe kama haya tunayoyaona Kiunga ila lile lilikufa miaka mamilioni huko nyuma likafunikwa mamia ya mita. Juu yake wakakuta gesi mita 29 na kitu, chini ya gesi mafuta kimo cha mita 14. Mafuta ya kweli, sio dalili. Wenyewe walitangaza kwamba ni mara ya kwanza kisima cha baharini pwani ya Afrika Mashariki kukuta safu ya mafuta, maana kule Msumbiji na Mtwara ni gesi, gesi, gesi.

Haikutosha kuuza. Lakini kwa mtu wa kazi hiyo ile mita 14 ni habari kubwa kuliko mita 52 za gesi ya Mbawa, kwa sababu inakwambia jiko la mafuta lipo na liliwahi kuwaka. Alinieleza mzee mmoja wa Norway, yeye alikuwa anasoma zile karatasi za mawimbi, akasema hivi (natafsiri kienyeji): unahitaji vitu vinne na vyote viwe mahali pamoja. Mwamba mama, tope lenye mabaki ya viumbe, ndio unga wako. Moto, yaani kufukiwa chini ya kutosha lipate joto. Likipata joto kidogo halipiki, likipata la wastani unapata mafuta, likizidi yale mafuta yanavunjika yanakuwa gesi. Halafu sufuria, mwamba wenye vitundu wa kuyashika. Halafu mfuniko juu yasitoroke. Sasa ukienda maji marefu sana nje huko, tope limefukiwa kilomita kadhaa chini na limekaa motoni tangu zama za Jurasi, Madagaska ilipokuwa inajitenga na pwani yetu kuteremka kusini. Wali umeungua zamani. Ukiwa na bahati unapata gesi.

Ndio maana nasema walikuwa wanatafuta mafuta kwenye jiko la gesi. Ukingoni mwa rafu, yaani pale sakafu ya bahari ya karibu na pwani inapoishia, kule Sunbird ilipo, moto unaonekana ulikuwa wa wastani.

Mpemba_Halisi
#6
Mjadala mzuri. Niongeze la kwetu. Pemba pana mahali panaitwa Tundaua, mafuta yanatoka yenyewe ardhini, babu zetu walikuwa wanayajua kabla ya kampuni yoyote. Miaka ya 60 BP na Shell walichimba Pemba wakaacha. Sasa mtu asiniambie hakuna mafuta ukanda huu, yanajitembeza yenyewe. Na Pemba mpaka vitalu vya kusini vya Kenya ni pua na mdomo.

dalali77
#7
Sawa lakini mafuta kutoka yenyewe sio sifa nzuri peke yake, maana yake mfuniko umepasuka, mangapi yameshamwagika baharini miaka milioni 20 hatujui

Mpemba_Halisi
#8
Hilo nakubali. Ila linathibitisha jiko liliwaka, ndio hoja ya mwenye uzi.

teziNaOmo
#9
Mpemba_Halisi, nakazia. Tundaua ni moja ya vitu wale wazungu walikuwa wanavitaja kila siku. Dalali naye hajakosea.

bint_Shela
#10
Mimi mtu wa Lamu naona nyote mwazungumza mwamba na moto, hakuna aliyesema watu. Bandari ilipochimbwa twaambiwa maendeleo, mikoko ikakatwa, mkondo ukachimbuliwa, wavuvi wakaenda mahakamani na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikasema walipwe shilingi bilioni 1.76, wavuvi kama 4,600. Gati ya kwanza ikafunguliwa 2021 kwa shangwe, malipo yakawa ni mikutano juu ya mikutano. Yakaja ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, tukasimama, 2019 leseni ikafutwa. Yeo mwatwambia mafuta. Hiyo sheria ya mafuta ya 2019 yasema asilimia 75 serikali kuu, 20 kaunti, 5 jamii ya pale. Jamii ya pale ni nani kisima kikiwa kilomita sitini baharini? Samaki?

NyavuKavu
#11
"Samaki?" nimecheka nikamwaga chai

Kokwa_mzee
#12
Binti umesema kweli. Nilivua Kizingitini miaka arobaini. Ile meli ya kuvuta mikia inapita, inapiga bum bum kila sekunde kumi usiku na mchana, wao wasema samaki hawadhuriki. Mimi sibishani na wasomi. Lakini wiki ile na ile ya pili yake hupati kitu, changu hamna, tewa hamna, ukitupa mshipi warudi na chambo chako. Baadae hurudi. Sasa hizo wiki mbili nani analisha watoto.

teziNaOmo
#13
Mzee Kokwa shikamoo. Ni kweli na nilikuwa kwenye ile boti nikikutana na lawama hizo kwa redio kila asubuhi. Niwaeleze watu wasiojua, ile meli inavuta mikia minane au kumi ya nyaya, kila mmoja kilomita sita mpaka nane, mwisho wake kuna boya. Inakwenda polepole kama mtu anayekimbia mchakamchaka, haiwezi kusimama, haiwezi kukata kona ghafla, ikigeuka inachukua masaa matatu. Nyuma ya tezi kuna bunduki za hewa zinapiga chini, sauti inakwenda mpaka kwenye miamba inarudi, nyaya zinasikiliza. Mvuvi yeye anaona meli imepita, anadhani njia ni nyeupe, anaingia nyuma yake, kumbe mikia iko chini ya maji kilomita nane bado inakuja.

Kuna jamaa mmoja wa Faza jarife lake lilibebwa lote usiku. Kampuni niliyokuwa nafanyia ilikuwa na fomu ya madai, ya Kiingereza, ukurasa wa kwanza inauliza longitudo na latitudo za wavu. Yeye anajua wavu wake uko wapi kwa kuuweka mvinje ule sawa na mnara wa msikiti. Niliijaza mimi kwa kukadiria. Nitarudi kwenye hilo.

Ila tofauti na bandari binti, saismiki inapita inaondoka. Kisima cha kutafuta nacho ni miezi miwili mitatu kinafungwa kwa saruji. Hatari yenyewe ni wakipata na kuanza kuzalisha, hapo ndipo mazungumzo ya Kiunga na kasa na matumbawe yanakuwa ya kweli, na hapo ndipo mngetakiwa muwe mmeshaandikishana kabla, sio baada.

Hasimu_wa_Nairobi
#14
Mnajadili vitu vidogo. Serikali imekula hela ngapi kwenye hivyo visima sita? Kisima kimoja cha maji marefu ni dola milioni mia na ushee. Hizo zingejenga hospitali ngapi.

teziNaOmo
#15
Hapana kaka, hapa watu wengi wanakosea. Mikataba yetu ni ya kugawana uzalishaji. Kampuni inachoronga kwa hela yake, ikipata inajirudishia gharama kutoka kwenye mafuta kwanza halafu ndio mnagawana, ikikosa hasara ni yake. Pomboo kavu ni hasara ya Woodside na wenzake. Mlima kavu ni ya Eni, Total na Katari, hao Katari walichukua asilimia 25 mwaka 2019 wakidhani wamefanya biashara. Serikali inachopoteza ni muda, na sifa. Kisima kikavu kikitangazwa, bosi wa kampuni nyingine huko Houston anakunja ramani yako anaweka chini ya meza.

Na hapo ndipo naona shida yetu ya sasa, sio jiolojia. Ramani yetu iko chini ya meza.

fundi_bomba
#16
Kabla hujaenda mbali, nauliza ile gesi ya Mbawa kwa nini isitumike? Mita 52 sio mchezo.

teziNaOmo
#17
Mkuu wewe wa Tz ungenijibu mimi 😄 Mafuta ukiyapata hata nje huko unaleta meli-ghala inaelea juu ya kisima, tanki inakuja inajaza inaondoka, umemaliza. Gesi haibebeki hivyo, lazima bomba au kiwanda cha LNG (cha kupoza gesi iwe kimiminika) cha mabilioni, kwa hiyo lazima uwe na gesi nyingi kupita kiasi ndio hesabu ikubali. Nyie mna futi za ujazo trilioni 57, nyingi ziko baharini, mmezigundua tangu 2010, na kiwanda cha Lindi mpaka leo ni maneno. Equinor mwaka 2021 wenyewe walifuta karibu dola bilioni moja kwenye vitabu vyao kwa ajili ya mradi huo. Kama Zafarani na wenzake wanasubiri foleni, Mbawa moja peke yake itapewa kiti na nani? Tena umeme wetu mwingi ni wa mvuke wa Olkaria. Apache walipoona ni gesi hawakukaa.

fundi_bomba
#18
Umenigusa kidonda. Lindi tushauziwa viwanja vya "karibu na LNG" toka 2014, mjomba wangu ana viwili vimeota mikorosho. Ila mwaka 2025 wametangaza mnada mpya, vitalu 26, ishirini na tatu baharini na vitatu ziwa Tanganyika. Kwa hiyo kuna mtu bado anaamini.

Mpemba_Halisi
#19
Na Zanzibar nayo ilitangaza vyake vinane mwaka 2024. Kila mtu anauza bahari, wanunuzi sasa.

dalali77
#20
Mbona Namibia wanunuzi wamejaa? Nako walikaa miaka na visima vikavu kama sisi.

teziNaOmo
#21
Namibia ni mfano mzuri na unauma pande zote mbili. Gesi ya Kudu waliipata 1974, mpaka kesho iko chini. Miaka hamsini karibu watu wanatoboa wanakosa, halafu Februari 2022, mwezi mmoja, Shell wanapata Graff na Total wanapata Venus, dunia nzima ikahamia Walvis Bay. Angalia hiyo tarehe tena. Ndio wiki zile zile Mlima yetu inafungwa kavu. Total ni yule yule, yuko kwenye visima vyote viwili. Wewe ungekuwa yeye hela ya kesho ungeipeleka wapi?

Lakini upande wa pili, mwanzoni mwa 2025 Shell walifuta kama dola milioni 400 za kule kule Namibia, mafuta yapo ila mwamba haupitishi vizuri na gesi imechanganyika nyingi. Kwa hiyo hata ukiyapata bado hujayapata.

Hasimu_wa_Nairobi
#22
Na Wasomali mnawaacha? Nusu ya vitalu vya kaskazini mahakama imewapa.

teziNaOmo
#23
Sio nusu, ila eneo la maana. Somalia walikwenda mahakama ya Hague 2014, hukumu ikatoka 12 Oktoba 2021, mstari ukachorwa, sehemu kubwa ya lile eneo lenye mgogoro ikaenda kwao, Kenya ikasema haiitambui. Vitalu vya kule mwisho, L21, L23, L24, Eni walipewa na Kenya 2012. Hakuna kampuni yenye akili itapeleka meli ya kuchoronga ya laki kadhaa za dola kwa siku mahali ambapo haijui inamlipa nani. Na wenzetu hawakulala, Oktoba 2024 Waturuki waliwaletea meli yao ya Oruç Reis kufanya saismiki upande wao. Bonde halijui mpaka. Wakitoboa wakapata, siku hiyo hiyo ramani yetu itatolewa chini ya meza. Mimi kwa kweli matumaini yangu makubwa kwa bahari yetu yako kwenye kisima cha jirani, inachekesha ila ndio hivyo.

bint_Shela
#24
Na wakipata upande wao si ndipo manowari zitakapokuya kuegesha Manda? Sisi hapa Kiunga na Boni twaishi na amri za kutotoka usiku miaka. Hilo halimo kwenye hesabu za mwamba mama.

Kokwa_mzee
#25
Limo. Ila hulipwa na sisi.

dalali77
#26
Tufupishe. Mwenye uzi ukipewa leseni na hela ya kisima kimoja tu, unatoboa wapi?

teziNaOmo
#27
Sitoboi kwanza. Nachukua saismiki zote za zamani, ziko kwenye makabati ya serikali na makampuni, nazichakata upya na kompyuta za sasa, maana za 2009 ukizisafisha leo unaona vitu ambavyo wale hawakuviona. Natafuta matumbawe mengine yaliyofukiwa kwenye ule mstari wa Sunbird, maji ya mita mia tano mpaka elfu. Sunbird haikuwa peke yake, tumbawe halioti moja. Natafuta lile ambalo mfuniko wake ni mzito, gesi ni kidogo na sufuria ni kubwa. Kisima kimoja hapo, na nakichoronga kaskazi, sio kusi, mkisoma tarehe za Pomboo, Sunbird na Mlima wote walivizia kaskazi, bahari ya kusi kule nje inatapisha hata nahodha.

Nafasi? Kwenye bonde kama hili moja kwa tano ungesema umebarikiwa, mimi naweka moja kwa nane. Na nikikosa, basi, nakubali yaishe, Turkana iendelee peke yake, nako mnaona, kisima cha Ngamia-1 walipata mafuta mwaka 2012 mpaka kampuni ya Tullow anauza anaondoka 2025 bado bomba hakuna.

Hasimu_wa_Nairobi
#28
Moja kwa nane na unaita matumaini. Hiyo ni betting na mimi ninaijua betting

NyavuKavu
#29
Kiitweni Zafarani ya Pili. Mnishukuru baadae.

Kokwa_mzee
#30
Mwanangu tezi, ulisema utarudi kwa yule wa Faza. Jarife lake lilikuwaje?

teziNaOmo
#31
Alilipwa mzee. Baada ya miezi minane, nusu ya alichodai, kwa sababu waliandika wavu ulikuwa "umetumika". Nilimpelekea karatasi ya kusaini nyumbani kwake, akaniuliza kama lile jarife linatumika wangemlipa vipi samaki waliokuwa ndani yake, sikuwa na jibu. Hela alinunua uzi akakaa barazani akalisuka upya mwenyewe, na mkewe akisuka upande wa pili. Msimu uliofuata meli ilivyorudi alikuwa wa kwanza kuniita kwa redio, saa kumi na moja alfajiri, kuuliza mikia inapita wapi leo.

Kokwa_mzee
#32
Namjua huyo. Siku hizi havui kule nje, amehamia ndani ya mlango wa bahari na mtoto wake.